Ritifaa ya Ng'ege

Perez Amolo husahihisha hata mabango ya vibanda. Akipita Kondele akaona "samaki wa kukaaga", atasimama amwambie mwenyewe herufi iliyokosekana. Miaka minne tumekaa meza moja tukiandika programu, na namheshimu, lakini siku ile ya samaki ng'ege alinichosha kabisa.

Tulikuwa tumewaundia wavuvi wa Port Victoria programu ya ghala la barafu. Mlango haufunguki mpaka programu imtambue samaki. Perez ndiye aliyebuni namna: kila samaki ana klasi yake, yaani kifungu chenye jina lake, kwenye kodi, yale maandishi ya programu, na programu ikiwa kazini husoma jina lililo kwenye fomu, kisha hujichungulia yenyewe ndani kutafuta klasi yenye jina hilo hilo. Sisi huita hiyo rifleksheni. Nilimwonya kwamba jina likikosewa hatutajua mapema, tutajua watu wakiwa foleni. Akasema nina woga.

Jumanne saa tano Mama Magdalene, mchuuzi wa samaki, akapiga simu. Samaki wa wenzake, mbuta, walikuwa wameingia ghalani. Ng'ege wake, kreti ishirini, mzigo wake wote wa wiki, walikuwa juani, na mashine inasema haiwajui.

Perez akanigeukia. Eti nilipanga kodi upya majuzi, eti mimi Kinyua, mtu wa Nyeri, nitajua samaki wapi. Nimezaliwa hapa hapa Kisumu, lakini nikameza. Nikafungua faili moja moja. Klasi ilikuwepo, Ngege, haijaguswa. Nikarudisha kodi ya zamani, wapi. Hakuna mstari uliolalamika, na hilo ndilo lililonipandisha hasira zaidi. Simu ikalia tena, na tena.

Mwishowe nikamwomba Mama Magdalene anisomee jina la kwenye fomu, herufi kwa herufi.

"N, g, halafu kuna kamkia kadogo hapo juu," akasema. "Kisha e."

Nikamtazama Perez. Ijumaa alikuwa amenicheka mbele ya ofisi nzima kwa kuandika "Ngege", akasema ninaharibu lugha ya watu, akaketi akarekebisha fomu kwa mkono wake: Ng'ege. Jina la klasi halikubali ritifaa, kale kamkia. Programu ilikuwa ikitafuta klasi isiyoweza kuwepo.

Perez akafungua fomu. Akaifuta ile ritifaa. Mlango ukafunguka karibu saa nane, na simu ikalia mara ya mwisho; Perez akaipokea kwa spika.

"Perez nyathina, mtoto wangu, imefungua," akasema Mama Magdalene. "Lakini hawa wa juu wameisha kulegea, hakuna mtu atanunua. Ile kitabu ya zamani, Dishon karani wa ghala alikuwa anaandika vile anataka na mlango anafungua na mkono. Sasa niambie, shida ilikuwa gani?"

Perez akafunika simu kwa kiganja, akaninong'oneza niichukue, nimwambie mtandao ulipotea.

Nikainuka, nikamwacha nayo.