Nafasi Moja Katikati ya Mstari

Mwishoni mwa Agosti 2016 ilikuwa imebaki nafasi moja. Timu ya mpira wa Kimarekani ilikuwa na wanaume sabini na watano, na sheria ilitaka ifikapo Jumamosi jioni wabaki hamsini na watatu. Katikati ya mstari wa ulinzi, pale wanaposimama wanaume wakubwa wenye kazi ya kuziba njia, wawili walikuwa na uhakika wa kubaki. Nafasi ya tatu ilikuwa ikigombewa na watu wawili. Mmoja alikuwa kijana aliyetoka chuo kikubwa cha kusini. Wa pili alikuwa Bonheur, mwana wa Uwamariya, mkazi wa Brooklyn Center, mwenye umri wa miaka ishirini na minne na goti moja lililokwisha kupasuliwa.

Alikuwa amekwisha kuachwa mara mbili. Mwaka wa kwanza walimweka kwenye kikosi cha mazoezi, yaani unapigwa vikumbo wiki nzima, halafu siku ya mchezo unakaa pembeni na nguo safi. Mwaka wa pili timu ya jimbo jingine ilimchukua kwa wiki sita, ikamwingiza uwanjani mara nne, ikamrudisha nyumbani goti likiwa limevimba. Wakala wake, mtu asiyejua kuremba maneno, alimwambia kwamba akiachwa safari hii simu haitalia tena. Na Bonheur aliitaka nafasi hii kuliko zote zilizopita, kwa sababu uwanja ulikuwa dakika ishirini tu kutoka kwa mama yake, na tangu amalize sekondari mama hakuwahi kumwona akicheza mchezo wenye maana.

Walifika Minnesota akiwa na miaka kumi na mmoja, yeye na mama tu, kutoka kambi ya wakimbizi ya Kigoma. Baba alikuwa amefia Masisi, kwao Kongo, mtoto bado hajaanza kutembea. Nyumba yao ya kwanza ilikuwa Columbia Heights, vyumba viwili juu ya ghorofa, na mama alikuwa akipanda basi namba kumi alfajiri kwenda kufua mashuka kwenye nyumba ya wazee. Mtoto akakua. Akakua tena. Akafika mahali mama akaacha kumnunulia viatu mapema, maana vilikuwa havimalizi muhula.

Siku moja ya Januari, akiwa na miaka kumi na mitano, alikuta gari la mwalimu limenasa kwenye theluji nje ya shule na wanaume watatu wakilihangaikia. Bonheur akaweka begi chini, akawaomba wasogee, akalisukuma peke yake hadi barabarani. Mwalimu yule ndiye aliyekuwa kocha. Hakumwuliza kama anajua sheria za mchezo. Alimwambia kwamba atamsimamisha mahali, na watu wawili watakuja kumwondoa hapo, na kazi yake itakuwa kukataa.

Kazi hiyo ilimfaa. Bonheur ni mtu mpole, tena wa aibu, na hakuna mahali pengine duniani alipopewa ruhusa ya kukataa kwa mwili mzima. Ndivyo alivyoenda hadi chuo kidogo cha kaskazini, akarudi na shahada ya mambo ya afya ambayo mama aliitundika sebuleni juu ya televisheni.

Uwamariya mchezo wenyewe hakuuelewa hata kidogo. Alipokwenda kumtazama shuleni, Oktoba, amejifunga kitenge juu ya koti na blanketi juu ya kitenge, alirudi na swali moja.

"Donc mwaka muzima haukushika mupira hata mara moja?"

"Mama, my job si mpira. Job yangu ni watu."

"Na hao bantu, bamekukosea nini?"

Asichokielewa uwanjani alikielewa jikoni. Kocha alitaka Bonheur awe na uzito wa pauni mia tatu na kumi, asishuke, na hiyo ilikuwa lugha ya Uwamariya. Bugari, yaani ugali, asubuhi, sombe ya majani ya muhogo na samaki mchana, maharagi na nyama ya mbuzi jioni, na katikati mayai sita ambayo hayakuhesabiwa kuwa chakula. Bonheur alikula hata siku ambazo koo lilikataa. Watu wanadhani kula ni raha. Kwa mtu wa kazi ile, kula ni zamu unayoingia mara tano kwa siku, na mwili wake ulikuwa unayeyuka upesi mno akizembea.

Sasa Jumapili ya mwisho ya Agosti, timu ilimpa ruhusa ya mchana, akaenda kanisani na mama. Kanisa lao la Kiswahili linakodi jengo la Walutheri na huanza saa nane, Wazungu wakishaondoka. Pasteur Sosthène, mchungaji wao, alimwita mbele, akawaeleza watu kwamba mtoto wao amebakiza wiki moja, na kwamba jambo kubwa namna hii haliombwi watu wakiwa wameshiba. Akatangaza mfungo wa Esta: siku tatu, Jumatatu hadi Jumatano, bila chakula wala maji. Wagonjwa, wajawazito na watoto wadogo walisamehewa. Wacheza mpira hakuna aliyewakumbuka.

Mikono ikapanda, mmoja baada ya mwingine. Mama Générose, ambaye magoti yake hayampandishi hata ngazi, aliinua mkono. Kaka mmoja anayeendesha lori usiku aliinua mkono. Uwamariya, mwenye ugonjwa wa sukari, aliinua miwili, na Pasteur alipomkumbusha habari ya wagonjwa alijibu kwamba yeye ni mzima. Bonheur alisimama pale mbele akiwatazama. Watu arobaini watakaa na njaa kwa ajili yake. Angewezaje yeye kwenda kukata nyama?

Hapo ndipo alipokosea, nami simlaumu, ingawa nikimfikiria natamani kumzaba kibao. Neno moja lingetosha. Pasteur angecheka, angemwambia mwanangu wewe kula, sisi tutafunga. Lakini mtoto aliyelelewa na akina mama wa aina ile haulizi kama anaruhusiwa kula wakati wenzake wamefunga. Angeona aibu hata kulitamka.

Kwa hiyo Jumatatu alichukua sinia kwenye ukumbi wa chakula wa timu, akalijaza kama kawaida, akakaa na wenzake, akawagawia kuku wake kwa mzaha. Maji alikunywa, maana kuna mtu aliyelipwa kuangalia chupa zao, akamwomba Mungu amsamehe hilo. Jumanne alikimbia, akasukuma, akasukumwa, na aliporudi nyumbani alimkuta mama amelala kwenye kochi midomo imemkauka, anamtabasamia. Mama hakumwandalia chochote, akijua kwamba timu inamlisha. Bonheur alijisikia karibu na Mungu kuliko siku nyingi. Jumatano mchana alipoinama kufunga kamba za viatu, ukuta ulizunguka.

Jioni hiyo mfungo ulifunguliwa kanisani kwa uji na chapati, naye akala mpaka akatapika. Alhamisi asubuhi akapanda mizani. Pauni mia mbili tisini na sita. Mwenye kuandika aliangalia namba, akamwangalia yeye, akamwomba ashuke apande tena.

Mchezo ulikuwa usiku uleule, wa mwisho kabla ya msimu. Walimwingiza robo ya tatu. Katika shambulio la kwanza wale wawili wa upande wa pili walimjia chini ya kifua, akakita miguu ardhini kama siku zote, na miguu ikateleza kurudi nyuma. Haikuwa mara moja. Mara nne mfululizo walimsukuma, na mara ya nne mwenye mpira alipita pale pale alipokuwa amesimama, akaenda hadi mwisho wa uwanja bila kuguswa na mtu. Miaka tisa hakuna aliyewahi kumfanyia vile. Kijana wa kusini akaingia badala yake, na Bonheur hakurudi tena.

Jumamosi saa nne simu ililia, akaitwa klabuni. Kocha wa mstari, baba mzito mwenye sauti iliyokwaruzika, alimfungia mlango wa ofisi.

"Hadi Jumapili iliyopita nafasi hii ilikuwa yako," alimwambia kwa Kiingereza chake cha polepole. "Ulipoteza pauni kumi na nne kwa siku nne. Unaumwa? Kuna kitu unatumia?"

"Tumbo tu, Coach."

Angesema nini? Kwamba kanisa zima lilimwombea mpaka akapoteza kazi? Aliona kwamba akisema hivyo atakuwa amewauza wale watu arobaini kwa mtu asiyewajua. Akatoa tableti aliyopewa, yenye michoro ya mbinu za timu, akaiweka mezani, akaondoka. 

Nyumbani alimwambia mama kwamba ameachwa, basi. Uwamariya hakulia. Kesho yake kanisani akasikia yaliyokuwa yakisemwa. Mama Générose na wenzake walikuwa wakinong'ona karibu na birika la kahawa kwamba Mungu hawezi kukataa maombi ya watu arobaini bila sababu, kwa hiyo lazima huyu mtoto kuna jambo amelificha. Uwamariya alijifanya hakusikia. Kwa mawazo yake kasoro ilikuwa kwenye maombi, na maombi yenye kasoro huongezewa siku za kufunga. Jumatatu alianza mfungo wake mwenyewe, siku saba, bila kumwambia mtu.

Aliyegundua ni Makena. Huyu ni nesi, Mmeru, anayeendesha gari kutoka Lakeville kila Jumapili kwa sababu anasema makanisa ya huko yanamaliza ibada kabla hajaketi vizuri. Jumatano alipita kumletea Uwamariya dawa, akamkuta anatetemeka. Alipotoka nje alimpigia Bonheur, aliyekuwa mazoezini peke yake akisubiri simu isiyokuja.

"Bonheur, mum yako ame-start fasting ingine. Seven days. Anasema mpaka Mungu akurudishe kwa team."

"Auntie, nilimwambia imeisha."

"Wewe unamwambia imeisha, yeye anasikia Mungu hajajibu. Na anameza dawa za sugar na hajakula kitu. Ataanguka kwa job, nakuambia kama nurse, si kama auntie. Kama kuna kitu unajua ya kum-stop, sema leo."

Alichokuwa nacho cha kumzuia kilikuwa kimoja tu, na ndicho alichoapa kufa nacho. Aliendesha hadi nyumbani akijaribu kutafuta uongo utakaofanya kazi ileile. Hakuupata.

Mama alikuwa amekaa jikoni, Biblia mbele yake. Bonheur alivuta kiti.

"Mama, mi nilifunga pia."

"Ulifunga nini?"

"Zile siku tatu. Sikukula. Nilikuwa nagawia watu chakula. I lost fourteen pounds, mama. Thursday sikuwa na nguvu, wakanisukuma. Coach alisema nafasi ilikuwa yangu. Ndiyo sababu. Si Mungu."

Uwamariya alimwangalia, na uso wake ukabadilika kidogo kidogo, jambo likiingia mahali pake.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Mlikuwa na njaa nyote. Ningekulaje?"

"Basi ni miye nilikutosha mu kazi, ni miye nilikuondoa."

Bonheur alitaka kusema hapana. Lakini alikuwa amekuja kusema kweli, na kweli haikuwa hapana. "Ni mimi na wewe," alisema. "Sasa ukiendelea nitakupoteza na wewe, na hapo sitabaki na kitu. Naomba ule."

Aliinuka mwenyewe, akapasha bugari na sombe ya juzi, akaweka sahani mbele yake.  Mama akanawa, akakata tonge dogo, akala, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. Alikula yote. Bonheur alikaa akimwangalia mpaka sahani ikaisha, halafu akajipakulia yake.

Jumapili, wakati wa ushuhuda, Uwamariya alisimama kabla hajaitwa. Bonheur alimvuta kitenge kwa chini. Mama akauondoa mkono wa mwanawe.

"Kuna benye banasema mwana wangu alificha kitu," alisema, na macho yake yakatua kwa Mama Générose. "Ni kweli. Alificha njaa. Tulifunga juu yake, na yeye akafunga na siye, na ile kazi yake ni uzito. Alienda kupigana na bale bantu bakubwa, tumbo tupu, juu alituheshimia. Hapa hakuna mutu alimuuliza kama alikula. Wa kwanza kukosa kumuuliza ni miye mama yake. Kama munaomba, muniombee miye."

Akakaa.  Pasteur Sosthène alifunua Biblia, akaifunga tena. Bonheur akainamisha kichwa chake kikubwa mikononi, akalia kwa sauti mbele ya kanisa zima, na mama yake akamwacha alie.