Joho la Mchungaji

Nikinusa pasi ya mkaa juu ya kitambaa chenye unyevu, narudi kibarazani kwa baba, fundi cherehani Mwislamu pale Msasani. Wazee wa kanisa walikuja kulikataa joho la mchungaji wao, ingawa kitambaa chake walikipangia foleni duka la ushirika.

“Tumesikia ulikikata kwa Bismillahi.”

“Kila nguo naianza kwa jina la Mungu,” baba alijibu, akawasogezea mkasi. “Kama linawakera, fumueni.”

Hakuna aliyeugusa. Mchungaji, aliyekuja nao, alilivaa palepale. “Ndaga fijo, fundi,” akashukuru kwa Kinyakyusa, akatoka nalo mvuani.

Jumapili nilisimama mlangoni mwa kanisa na mtandio wangu kichwani, anayetaka anifukuze. Vifungo vya lile joho nilivishona mimi, na mchungaji alikuwa amevifunga vyote hadi shingoni.