Anguko la Maude

Odile Charbonneau alikuwa mtunga dansi asiye na kampuni wala ukumbi, na ukimuuliza yeye, hakuwa na haja navyo. Filamu zake zilikuwa fupi, zinaisha kabla kahawa haijapoa. Alizipiga kwenye ngazi za nje za nyumba za Montreal na kwenye duka la kufulia nguo lililokuwa chini ya chumba chake. Kamera aliishika mwenyewe. Mpiga picha asiyeijua dansi, alipenda kusema, siku zote anafika mwili umeshapita.

Asubuhi hiyo ya Aprili walikuwa kwenye uwanja wa ndani wa kutelezea barafu, palepale mtaani. Msimu ulikuwa umekwisha, barafu imeyeyushwa, imebaki saruji yenye baridi ya kupenya soli. Aliyewafungulia ni mzee Réjean, mtunza uwanja, kwa sababu mchezaji dansi alikuwa binti yake, Maude. Kesho yake Maude alikuwa anaingia hospitali kubadilishwa nyonga. Daktari alishamweleza bila kumung'unya maneno: atatembea, ataogelea akitaka, lakini lile anguko lake la dansi asahau.

Anguko hilo Odile alimtungia tangu wote wakiwa wasichana. Kila mara Maude aliegemea nyuma, akazidi kuegemea mpaka ukataka kufumba macho, na pale ambapo mwili wa mtu mwingine ungejiachia tu, wake ulizunguka karibu kabisa na sakafu ukainuka tena. Odile alikuwa ameliona mara zisizohesabika. Ajabu ni kwamba halikuwahi kupigwa picha. Katika kila filamu walisema tuliweke akiba, tutalitumia kwenye ile filamu kubwa. Filamu kubwa haikuja.

"Nyonga hii imebakiza mara moja tu," Maude alisema akifunga nywele. "Usije ukaniambia turudie."

"Nikikwambia turudie, nizabe kibao."

Mzee Réjean aliwasikiliza kutoka kwenye benchi la wachezaji. "Mimi mpaka leo sielewi. Mtu mzima anajibwaga makusudi, watu wanapiga makofi. Mimi nikianguka hapa naishia kuchuliwa mgongo."

"Baba, nyamaza, kamera inakusikia."

"Acha isikie. Mimi nimesema uongo?"

Muziki ungewekwa baadaye. Wakati ule kulikuwa na sauti ya soli na pumzi za Maude tu. Odile alimfuata na kamera mikononi, akimzunguka na kusogea kule alikojua atasogea. Hakuwahi kumwona akicheza hivi. Huyu aliyekuwa akichechemea kutoka mlangoni sasa hakuwa na uzito wala umri. Kisha Maude akaanza kuegemea nyuma.

Hapo Odile akafanya kosa ambalo hata mpiga picha wa harusi asingelifanya. Alicheza. Mwili wake uliolitunga anguko lile ulishindwa kusimama pembeni ukitazama; ulipinda nyuma, ukazunguka, ukainuka, na kamera mikononi. Alipojitambua alikuwa anatazama viti vitupu, Maude yuko nyuma yake, anahema.

"Umelipata?"

Odile akaishusha kamera.

Waliitazama picha kwenye kompyuta, katika kiofisi cha mzee. Mwanzo ulikuwa safi. Kisha Maude akatoka kwenye picha. Zikapita nguzo za paa, taa zikavutika kama uzi, uwanja mzima ukapinduka, sakafu ikaja usoni, na kila kitu kikainuka tena.

"Nisamehe," Odile alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nilikuwa na kazi moja tu."

"Miaka yote tunaliweka akiba, Odile." Maude hakupandisha sauti, na hilo lilimuuma mwenzake zaidi. "Halafu hata kidole changu hakimo."

"Hebu rudisha," alisema mzee Réjean. Alikuwa amesimama nyuma yao na kikombe cha kahawa.

"Baba, hakuna kitu pale."

"Nimesema rudisha."

Odile akairudisha. Paa liliposogea, mzee alikiweka kikombe mezani. Sakafu ilipokuja usoni aliishika meza kwa mikono miwili, kahawa ikamwagika, na hakuna aliyeishughulikia. Picha ilipoinuka, naye aliinua kidevu, mdomo wazi.

"Ndivyo inavyokuwa?" aliuliza. "Huko ndani yako, ukianguka?"

Maude alimtazama baba yake. Hasira ilikuwa bado iko usoni, lakini hakujua tena aielekeze wapi.

"Ndivyo, baba."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Mzee alivuta kiti, akakaa karibu na binti yake, akamwekea mkono juu ya ile nyonga, taratibu.

"Na mimi nilikuwa nakucheka," alisema.

Maude akanyoosha mkono, akairudisha picha mwanzo yeye mwenyewe.