Neno Nililokatazwa Watsons Bay

Siku yangu ya kwanza kazini nilishuka kwenye feri pale Watsons Bay, Sydney, nikiwa na viatu vipya, kosa ambalo mwongoza watalii halirudii. Kazi ilikuwa kuwatembeza wageni kwa miguu katika kijiji cha kale cha wavuvi, kupita nyumba za mbao zilizobanana na kanisa dogo, hadi kwenye mnara wa taa. Nilikuwa nimetoka Kenya, nimehudumia wazee katika mtaa wa Auburn miaka kumi na mmoja, na mgongo ulikuwa umegoma.

Mwongozaji Mkuu, mzee wa maneno machache, ndiye aliyenifunza. Mwongozaji hulitazama jua yeye, wageni walipe mgongo. Huhesabu vichwa kila kituo. Na lazima awe na mkia, yaani mwenzake anayetembea nyuma ya wote ili asiachwe mtu. Miezi mitatu nilikuwa mkia, na roho ikiniuma, kwa sababu nilitaka kutangulia. Nilikariri habari zote, tangu wenyeji wa asili waliovua hapo kabla ya yeyote, hadi marubani waliopiga makasia kwenda kuzipokea meli na kuziongoza bandarini. Mume wangu alizichoka.

Kilichoniponza ni adabu. Mama mmoja alijikwaa kwenye ngazi za mawe, nami, kama mtu yeyote aliyelelewa kwetu, nikamwambia, "Sori, sori sana." Hakuumia hata ukucha. Lakini mwanawe aliiandikia ofisi ya kampuni kwamba mfanyakazi wao amekiri kosa.

Meneja, mwanamke wa haki lakini asiyependa mzaha, aliniita ofisini Parramatta.

"Ulimsukuma?"

"La."

"Basi uliomba radhi ya nini?"

Nilimweleza kwamba kwetu mtu akijikwaa unampa pole, hata kama ulikuwa ng'ambo ya barabara. Akasema hapa "sori" ni kukiri kosa. Angenipa jaribio moja la kuongoza, yeye akiwepo, na sori ikinitoka tena nitafute kazi nyingine. Nilitoka nimenywea. Ulimi wa miaka hamsini unafungwaje kwa wiki moja?

Sikuufunga. Siku ya jaribio, kabla ya hatua ya kwanza, niliwaambia wageni wangu ishirini na wawili kwamba ziara hii ina neno moja la Kiswahili, nalo ni pole. "Maana yake si kwamba nimekosa," nikasema. "Maana yake nimeona yaliyokupata." Meneja alikunja uso akaandika kitu.

Tulikwenda vizuri. Juu kwenye majabali, upepo ukainyakua kofia ya Meneja, ikavuka uzio, ikaenda zake baharini. Kila mtu akaifuata kwa macho. Kisha kundi zima, mimi sijafungua kinywa, likamwambia, "Pole."

Alicheka hadi akashika uzio. Alinisainia fomu palepale, akasema neno libaki, ila kwa Kiswahili tu, maana katika Sydney hii hajui wakili anayeweza kumshtaki mtu kwa neno hilo. Nililia mbele ya wageni na sikuona haya.

Mwongozaji Mkuu alipoondoka, cheo chake nilikishika mimi hadi nilipostaafu mwaka jana. Vijana huniuliza kama sikuogopa kuwasimulia wenye nchi habari za nchi yao. Niliogopa sana. Asubuhi moja mzee mmoja kundini aliniuliza nyumba ya pili kutoka kanisani ilikuwa ya nani. Nikamwambia ni ya rubani, na kwamba kibaraza chake kiliezuliwa na dhoruba kikajengwa upya kwa mbao za mashua.

"Alikuwa babu yangu," akasema. "Nimezaliwa humo. Nilitaka kuona kama unajua."

Akarudi nyuma, akajipanga na wenzake. "Tangulia," akaniambia. "Tunakufuata."

Nikatangulia.