Vumbi la Jioni Halitupwi

Naikumbuka jioni moja, mwanangu, jua likizama nyuma ya milima ya Uvira, na mimi bibi harusi mpya nimeshika ufagio kwa hasira katika nyumba ya wakwe zangu, hii hii ya hapa mtaani Jabe. Wewe ni mjukuu wangu, najua, ila leo nakuita mwanangu, maana umekuja na begi na begi lenyewe bado liko mlangoni. Umesema humrudii mumeo kule mtaa wa Mutanga Nord. Sikukuhoji. Nimekupa chai, nawe ukanionyesha picha kwenye simu, kama ulivyozoea tangu uanze kusoma mambo ya nyota chuoni.

Picha ile imenikaa machoni. Nyota changa katikati, inawaka kama kaa, na vumbi limeizunguka duara kwa duara, na kati ya duara hizo kuna njia nyeusi. Ukanieleza, na sauti yako ikapoa kadiri ulivyokuwa ukieleza, kwamba nyota haizaliwi na sayari zake tayari. Huzaliwa imezungukwa na hewa na vumbi lililobaki. Chembe hugusa chembe zikashikana. Zikigusana taratibu huwa punje, punje huwa kokoto, kokoto huwa mwamba, hadi mwamba unapata uzito wa kuvuta wenzake. Zikigongana kwa kasi, huvunjika zikarudi kuwa vumbi. Nikasema haba na haba hujaza kibaba, ukacheka. Hata dunia hii tunayoikanyaga, ukasema, ilianza hivyo hivyo. Ndipo nikaukumbuka ufagio wangu.

Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa fundi saa. Meza yake ilikuwa pale dirishani, na siku hiyo alipoteza skrubu ya saa ya mteja, ndogo kuliko punje ya ulezi. Akapekua, akainama, kisha akanigeukia mimi.

"Njo weye unafagiaka kila saa," akasema. "Umeitupa inje."

Wallahi sikuwa nimeiona. Nilikuwa mgeni, nimevuka mpaka kutoka Uvira kwa ajili yake, na neno lile liliniuma kuliko kofi. Nikaamua kwamba alfajiri narudi kwa mama yangu. Lakini nilikuwa na kiburi, na bado ninacho, usicheke. Sikutaka watu wa Jabe waseme binti wa Uvira ameacha nyumba chafu. Kwa hiyo nikafagia jua likizama.

Mama mkwe alikuwa anatoka kutawadha. Akanikuta nimelifikisha vumbi kizingitini.

"Apana, mutoto! Apana!" Akaninyang'anya ufagio. "Jua imezama, we unafagia inje? Unatupa baraka ya nyumba! Sukuma hiyo vumbi mu kona, ilale. Kesho tutaiangalia na macho."

Basi nikakwama. Kulitupa siruhusiwi, na kuondoka nikiacha rundo la vumbi kwenye kona, aibu ingenifuata mpaka Uvira. Nikalala nimelinunia lile vumbi kama vile ni mtu.

Asubuhi mama mkwe alifungua mlango. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya vilima vya Kiriri, likaingia moja kwa moja hadi kwenye kona, na vumbi likaamka. Likaelea katika ule mwanga, likazunguka polepole, chembe moja moja zikimeta, na sisi wawili tumesimama tu tunatazama. Nilisahau kwamba nina safari. Kisha tukachuchumaa tukaanza kuchambua: nyuzi, nywele zangu, maganda ya vitunguu, na kidonge cha vumbi kilichokuwa kimejiviringisha chini ya meza kabla sijakifagia. Mama mkwe akakibinya kwa vidole. Ndani yake kulikuwa na ile skrubu.

Akamwita mwanawe, akamtilia kiganjani. "Omba radhi," akamwambia, "na uombe polepole." Vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana, akatuambia sote, lakini sisi tulikuwa tunagongana kwa nguvu za kuvunja. Babu yako aliomba radhi macho yakiwa chini. Nikampenda upya siku ile, nakwambia ukweli.

Sasa wewe. Mnakaa mezani kimya, umesema, na katikati yenu kuna pengo. Nilipokuuliza kuhusu zile njia nyeusi kwenye picha, kama ndipo vumbi lilipoishia, ulinijibu nini? "Apana, bibi. Pale njo sayari inakomaa. Haionekani bado, lakini inakusanya." Umesema mwenyewe, sikukulisha maneno.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Usiitupe nyumba yako gizani. Hasira hasara, na gizani kitu cha thamani na takataka huenda pamoja. Vumbi lako lisukume pembeni usiku huu, na kesho nenda mkalichambue wewe na mumeo, kwa maneno ya taratibu yanayoshikana. Wala usilifuge miaka, maana wewe ndiye uliyeniambia kwamba nyota nayo haingoji milele. Upepo wake huja ukapeperusha hewa yote iliyobaki. Na mkichambua mkakuta ni taka tupu, ufagio upo, mchana upo, na mlango huu ni wako. Mumeo angekuinulia mkono, begi ningekubebea mimi.

Haya, liondoe hilo begi mlangoni, tusije tukajikwaa. Mola akulaze salama, aitie baraka nyumba yenu changa, na jua la Kiriri likukute kesho ungali na kitu cha kutafuta vumbini.