Wimbo wa Kunguni

Kule Kivu tulikuwa wawili: mimi na gitaa la umeme, yeye na sauti. Nilimwita yaya, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, ingawa hatukuzaliwa pamoja. Tulichukua nyimbo za harusi za milimani tukazipigia roki, na tulikuwa wazuri, sioni haya kusema. Kabla redio haijapiga wimbo wetu wowote, kapteni mmoja aliyapitia maneno kwa kalamu nyekundu. Tulipoandika "basoda", yaani wanajeshi, alikata. Tukaandika "kunguni": wamehamia kitandani mwetu bila hodi, wananyonya, asubuhi wamenenepa. Kapteni alicheka mpaka akakohoa, akapiga muhuri. Mji mzima ulielewa siku hiyo hiyo.

Katikati ya miaka ya 2010 sote tulikuwa tumeshahamia Amerika: mimi nilikuwa Louisville, napakia maboksi ghalani. Yeye alikuwa Buffalo, mtaa wa Black Rock, anatunza wazee. Kanisa la watu wetu huko Columbus, karibu na Morse Road, likatualika kuimba. Nilipanda basi nikiwa na nia moja tu: kuliimba neno lenyewe, basoda, angalau mara moja kabla sijafa.

Nilimwambia tukiwa jikoni mwa kanisa, tukisubiri kuitwa.

"Hapana, mudogo," alisema.

"Tuko Amerika, yaya. Kapitene haiko hapa."

"Bon, lakini kaka yangu iko kule. Batu batatuma video. Donc basoda batamutafuta yeye, hapana weye."

Nilikasirika. Nilikuwa nimelimeza neno lile miaka mingi mno. Nikamjibu kwamba yeye aimbe lake, nami nitaimba langu. Nilijiona shujaa, kumbe ni ukaidi tu.

Kiitikio kilipofika, simu zilikuwa zimeinuliwa ukumbi mzima. Nikafungua mdomo: "Ba..." Hapo hapo kina mama wa mbele wakadakia "Kunguniii!" huku wakipiga makofi, wazee wa nyuma wakakanyaga sakafu, hata watoto wanaowajibu wazazi kwa Kiingereza wakapokea. Sauti yangu ikafunikwa kabisa. Nikawatazama nyuso. Walijua vizuri wanaimba nini, na kila mmoja wao alikuwa na mtu wake aliyebaki kule.

Yaya alinigeukia akilia, akanisogezea kipaza sauti. Nikaimba kunguni, kwa sauti kubwa kuliko wote.