Nukta Nilizozifuta Kwenye Galaksi

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kufuta nukta ambazo hazikukaa kwenye mstari. Sikuzifuta ili kumdanganya mtu. Nilizifuta kwa kupenda usafi, na kwangu mimi usafi unakaribia kuwa ugonjwa: nikiandika ujumbe wa mistari mitatu, naurudia mpaka maneno yanapoteza maana.

Nukta zenyewe zilikuwa mawingu ya gesi ndani ya galaksi moja yenye mikono iliyojipinda, kama maziwa yanavyojizungusha kwenye chai inayokorogwa. Wanaastronomia huviacha vipimo vya mawingu hayo wazi mtandaoni, na yeyote mwenye bando anaweza kuvipakua. Mimi sikusoma chuo. Nilijifunza ndani ya saiba ya dada yangu, duka lake la kompyuta na intaneti hapa Voi, kati ya mteja wa fotokopi na mteja wa kuchapisha CV. Kwa kila wingu nilihitaji namba mbili tu: liko umbali gani kutoka kitovu cha galaksi, na lina oksijeni kiasi gani ukilinganisha na haidrojeni.

Nilichosoma kilikuwa kimeshaniambia nitegemee nini. Oksijeni, chuma na elementi nyingine nzito hupikwa ndani ya nyota, na nyota zinapokufa huzimwaga kwenye gesi iliyo jirani. Kitovuni nyota zilianza mapema na zilikuwa nyingi, kwa hiyo gesi ya huko ni tajiri. Ukielekea nje, utajiri unapungua. Ukichora, unapata mstari unaoteremka. Wangu uliteremka vizuri, isipokuwa nukta kadhaa zilizoning'inia juu yake na nyingine zilizozama chini. Hizo ndizo nilizofuta.

Tabia hiyo niliitoa kijijini Mwanda, juu milimani, kwenye shamba la mama. Afisa wa kilimo alikuja kutufundisha kuchukua udongo wa kupimwa: tembea kwa kupindapinda, chimba hapa na pale, changanya kwenye karai. Lakini ruka kichuguu, ruka zizi la zamani la mbuzi, ruka mahali mbolea ilipolundikwa, kwa sababu udongo wa hapo si kama wa shamba lote. Mimi ndiye niliyebeba karai, na sheria ile niliishika kuliko mwenye shamba. Miaka baadaye, nilipoona wingu lenye oksijeni nyingi kuliko majirani zake, nilijiambia: hicho ni kichuguu. Ruka.

Kulikuwa na kikundi mtandaoni kilichokuwa kinawatafutia watu waliojifunza wenyewe mwalimu wa kuwaongoza mwaka mzima. Waliomba grafu moja, picha ya galaksi yenye nukta zilizotumika, na maelezo mafupi. Sikuwahi kuwa na mwalimu wa mambo haya. Sikuwa na mtu hata mmoja wa kuniambia nimekosea wapi. Niliitaka nafasi ile kiasi ambacho niliona aibu kukitamka.

Siku ya mwisho ya kutuma, mama alishuka kutoka Mwanda na kabichi zake za sokoni. Alipita saibani kunywa maji, akaiona skrini yangu.

"Hii ni presha ya nani?"

"Si presha, Mama, ni nyota," dada akajibu akiwa kwenye mashine ya fotokopi.

"Basi zipelekwe hospitali. Imeshuka vibaya."

"Mgonjwa ni huyu hapa. Wiki nzima anabadilisha rangi ya mstari."

"Baba, umekula?" mama akaniuliza.

"Nitakula nikimaliza."

"Hamalizi huyo," dada akasema. "Profesa hajawahi kumaliza kitu. Hata chai huiacha nusu, eti sukari haijakolea sawa."

Wakacheka wote wawili. Chai kweli ilikuwa pale mezani, nusu.

Ilibaki picha ya galaksi. Niliogopa mtu asije akasema nimeficha kitu, kwa hiyo niliamua kuzionyesha hata nukta nilizofuta, pamoja na sababu. Zenye oksijeni nyingi nilizipaka nyekundu, zenye kidogo bluu. Nilitarajia zitawanyike ovyo, kama makosa ya vipimo yanavyotawanyika. Hazikutawanyika. Nyekundu zilijipanga kwenye ukingo mmoja wa mkono wa galaksi, na bluu zikaufuata ukingo wa pili.

Nikalikumbuka lile karai la udongo. Kule shambani swali lilikuwa mbolea gani iwekwe kwa shamba zima; kichuguu hakikuwa na kosa, hakikuhusu swali tu. Hapa nilikuwa nimejiuliza elementi zimesambaa vipi, kisha nikafuta mahali ziliposambaa bila usawa. Nilikumbuka kusoma kwamba gesi hubanwa kwenye mkono, nyota kubwa huzaliwa hapo, hufa mapema na kuacha oksijeni, halafu gesi ile huchanganyika na nyingine iliyo maskini zaidi. Huenda ndicho nilichokuwa nikikiona. Sikuwa na hakika.

Grafu safi ilikuwa tayari. Ile yenye nukta zote ilionekana kama ukuta uliorushiwa tope.

"Umetuma?" dada akauliza.

"Grafu imeharibika."

"Tuma hiyo hiyo iliyoharibika. Kuna mtu anangoja kompyuta."

Niliiandikia maelezo: mstari unateremka, lakini kingo za mkono hazilingani, na sijui kwa nini. Nikatuma. Kisha nikampisha mteja aliyekuwa anangoja kompyuta.

Jibu lilikuja wiki iliyofuata, fupi, kutoka kwa mmoja wa walimu wa kikundi kile. Je, nilikumbuka kwamba galaksi ile tunaiona ikiwa imeinama, si moja kwa moja kutoka juu, na kwa hiyo baadhi ya umbali wangu ni mfupi kuliko ulivyo kweli? Sikuwa nimekumbuka. Mstari wa mwisho ulisema: "Rekebisha hilo kwanza, tuongee Jumamosi." Nilirekebisha. Baadhi ya nukta nyekundu zilirudi kwenye mstari. Nyingi zilibaki ukingoni.

Tangu hapo nina mwalimu. Huwa ninamwonyesha kazi ambayo bado haijakamilika, naye hunionyesha palipo na kosa. Bado ninaogopa kila ninapobonyeza kitufe cha kutuma, lakini sasa ninatuma.